Unangoja Lifti Kwenda Ghorofa ya Kwanza, na Mama Fua Anapanda Ngazi?

Leo naongea na watu wa lifti. Wengine wenu mnasoma hii mkiwa kwenye foleni ya lifti sai, shingo zimeinama kwa simu, kwa hivyo sitawazungusha.

Kama miguu yako ni mizima, hujabeba kitu na unaenda ghorofa ya kwanza, panda ngazi. Kama unatoka ya pili kuja chini, shuka na ngazi. Na kama jengo lenu lina notisi ya kukataza mama fua, fundi na mtu wa boda kutumia lifti, hiyo notisi ni aibu. Itolewe leo jioni, kabla hamjaagiza chakula.

Msimamo wangu ni huu: lifti ni ya mwenye mzigo. Mzigo unaweza kuwa mtungi wa gesi. Unaweza kuwa mtoto mgongoni, mimba ya miezi minane, goti bovu, kifua cha pumu ama miaka 70. Cheo sio mzigo. Suti sio mzigo. Kodi kubwa pia sio mzigo wa kukupa lifti, hata kama tarehe 5 ikifika unahisi imekukalia mabegani.

Tuanze na tao, ju huko kila mtu ameona.

Ingia jengo lolote refu la ofisi Nairobi saa mbili kasorobo asubuhi. Lifti ni tatu. Moja imebandikwa karatasi ya "haifanyi kazi", na hiyo karatasi imekaa hadi imegeuka rangi. Ya pili iko juu huko na haishuki. Kwa hivyo wote mnangojea moja, na foleni imetoka nje hadi kwa mtu wa smoki na mayai.

Inafika. Mnajibana. Inapanda kidogo, inasimama. Ghorofa ya kwanza. Kijana wa miaka 24, mkono mmoja simu, mkono mwingine hauna kitu, anatoka nyuma kabisa. "Samahani. Samahani. Naomba kupita." Watu watatu wanatoka nje ndio apite, halafu wanarudi. Milango inafunga. Inapanda, inasimama tena. Ghorofa ya pili. Dada mwingine, naye alikuwa amejificha nyuma. Kwani huko nyuma huwa mnaenda kutafuta nini na mnashuka sahi hii?

Piga hesabu. Milango kufunguka, watu kupishana, milango kufunga, lifti kuanza tena: tuseme sekunde 15. Simama mara mbili namna hiyo kila safari, hiyo ni nusu dakika. Lifti ikipanda mara 20 kati ya saa moja na nusu na saa tatu, umekula dakika 10 za jengo zima. Dakika 10, ju hamtaki kukanyaga vidato 18. Na jioni huyo huyo anaenda jimu, analipa, anapanda ngazi ya mashine isiyofika popote, halafu anapiga picha.

Halafu kuna wale wa kubonyeza mishale yote miwili. Manze, mishale sio ya kuita lifti kwa nguvu zaidi. Wa juu unaambia lifti unaenda juu. Wa chini unaambia unaenda chini. Ukibonyeza yote, lifti itakusimamia ikienda juu, utaichungulia, utasema "aah, inaenda juu", itafunga, itaenda, halafu itarudi kukusimamia tena ikishuka. Umeisimamisha mara mbili, na ndani kulikuwa na watu waliokuwa wanajua wanaenda wapi.

Na kuna wale wa kuingia kabla walio ndani hawajatoka. Hata matatu ya Githurai saa kumi na mbili jioni, na fujo yake yote, makanga atakwambia "wacha washuke". Makanga ana adabu kukushinda, na wewe uko na digrii.

Lakini hizo ni adabu ndogo ndogo. Mtu akifundishwa nyumbani mara moja anaelewa. Kitu kinaniuma ni kingine.

Ndani ya lifti nyingi kuna kibao kidogo. Kwa lifti za kawaida za hapa kwetu utakuta kimeandikwa kitu kama watu 8, kilo 630. Ikizidi, inalia na milango inakataa kufunga. Sasa kila mtu anajua sheria: aliyeingia mwisho anatoka. Lakini angalia vile inaendaga. Kengele ikilia, hakuna mtu anaangalia mlango kuona nani aliingia mwisho. Macho yote yanazunguka yanatafuta ovaroli. Yanatafuta gunia, ndoo, mfuko wa simiti, kofia ya boda. Yakimpata, yanamkalia hadi atoke mwenyewe bila kuambiwa. Na anatoka. Amezoea.

Huyo aliyetoka ndiye peke yake kwa hiyo lifti alikuwa anaihitaji.

Sasa toka ofisi, twende kwa majengo ya kukaa. Hapa ndio watu waliacha kuangaliana vibaya, wakaandika kabisa kwa karatasi.

Umeiona hiyo karatasi. Iko kando ya lifti, imepigwa lamineti, imeandikwa kwa herufi kubwa na alama tatu za mshangao. Wafanyakazi wa nyumbani, mafundi na watu wa kuleta mizigo watumie ngazi. Ama lifti ya nyuma, ile isiyo na kioo, ambayo ikiharibika hakuna mtu anaharakisha kuitengeneza. Kilimani iko. Kileleshwa iko. Sai hata mitaa ya kawaida, jengo likipata lifti tu, karatasi inafuata.

Nilipoacha chuo, kazi ya kwanza nilipata ilikuwa ya kupeleka mizigo ya watu. Siku moja nilifika jengo fulani na chupa mbili za maji ya kunywa, zile za lita 20. Lita 20 ni kilo 20, na mbili ni 40. Mteja alikuwa ghorofa ya 9. Askari akanielekeza ngazi na kidole, hata hakusema neno. Nikiwa bado naweka chupa chini nipange mikono, lifti ikafunguka, akatoka jamaa na mbwa. Mbwa mzuri, ana kola, amechanwa nywele. Mbwa alikuwa ameshuka na lifti. Askari akamsalimia mwenye mbwa, akamsalimia mbwa, halafu akaniangalia kama ananiuliza mbona bado niko.

Sina shida na mbwa. Huyo askari pia sikumchukia, ju yeye mwenyewe akienda kupeleka barua ghorofa ya 9 anatumia ngazi. Shida yangu ni yule aliyeketi mahali akaandika hiyo sheria, na wale wapangaji wote wanaoipita kila siku na hawaoni kitu.

Fikiria mtungi wa gesi wa kilo 13. Hizo 13 ni gesi peke yake, chuma hujahesabu. Mtu wa gesi anaubeba begani, anapanda ghorofa tano, sita, saba, halafu anashuka na ule mtupu. Wewe uliyeagiza uko juu na unampigia simu: "Bado uko wapi? Chakula inaharibika huku." Yuko ndani ya jengo lako, buda. Yuko ghorofa ya nne, ameegemea ukuta anapumua, ju kuna karatasi imesema kilo zako zipande na mgongo wake.

Najua mtasema nini. Wacha nijibu kabla hamjaniandikia.

"Sisi ndio tunalipa pesa ya kutunza jengo kila mwezi." Sawa. Na hiyo gesi ni ya nani? Hizo nguo mama fua anakuja kufua ni za nani? Hiyo pizza imekuja kumtembelea askari? Mtu wa boda hajaingia kwenu kutalii. Amekuja ju umemwita, na kile amebeba ni chako. Kama lifti unailipia wewe, basi ilishalipiwa kubeba mzigo wako. Hiyo pesa unailipa ndio vitu vyako vikufikie, halafu unakataza vitu vyako kupanda.

"Ni mambo ya usalama." Usalama gani? Mgeni ameandikwa getini, ameacha kitambulisho, askari amekupigia ukasema aingie. Baada ya hapo unamtoa kwa kasanduku kenye mlango mmoja, unamweka kwa ngazi ambayo inapita kila ghorofa, ina kona 14 na taa mbili zimeungua. Mwizi akipewa achague, unadhani atachagua gani?

"Mizigo inakwaruza lifti." Hii ndio sababu ya maana kidogo, na dawa yake ni rahisi. Majengo mengine hutundika blanketi nzito ama mbao kwa kuta za lifti siku ya watu kuhama. Sofa yako ya viti saba ilipanda siku hiyo na hakuna mtu alilia. Kwa hivyo mnajua kufanya. Mnakumbuka tu mkihama nyinyi.

"Wananuka jasho." Haya, hii hamsemi kwa sauti, lakini ndio iko chini ya zile zingine zote. Wacha niseme pole pole. Mtu amepanda ghorofa saba na kilo 30 begani ju ulimkataza lifti. Amefika mlangoni kwako anatoa jasho. Sasa hilo jasho ndilo unatumia kama sababu ya kumkataza lifti. Hiyo jasho ni yako. Wewe ndio umeitengeneza.

Na tusidanganyane eti hii ni desturi yetu. Nenda Marikiti alfajiri. Nenda Gikomba, nenda Muthurwa. Msukuma mkokoteni akipiga mluzi ama akiita "Mzigo! Songa!", kila mtu anasonga. Mwenye duka anasonga, mteja mwenye pesa anasonga, polisi wa kaunti pia anasonga. Hakuna anayeuliza huyu ni nani. Mzigo una haki ya njia kwa sababu mwenye kubeba hawezi kusimama, na wewe unaweza. Hiyo ni adabu ya zamani ya hii miji yetu, na haikufunzwa na mtu wa kutoka nje. Lakini ule mzigo ukifika tu mahali pa taili na kioo, unageuka aibu. Yule yule uliyempisha Marikiti saa kumi na moja asubuhi, saa nne unamwonyesha ngazi ya nyuma. Vitunguu ni vile vile.

Ukitaka kuona adabu ya kweli ya kupanda, nenda Pipeline. Embakasi huko, ama Huruma, ama Zimmerman. Kuna majengo ya ghorofa saba, nane, na lifti hawajaiona hata kwa mchoro. Stima ikipotea, pampu haipeleki maji juu, basi mitungi inapanda na watu. Kila mtu ni mtu wa mizigo. Na sasa angalia ngazi yenyewe, nyembamba, giza mchana. Anayeshuka mikono mitupu anajibana ukutani. Anayepanda na mtungi hasimamishwi. Watoto wa shule wakikutana na shosho ameshika mfuko wa unga, mmoja anauchukua bila kutumwa, anaacha mlangoni kwake, anaendelea na mchezo. Hakuna karatasi ukutani. Hakuna kamati ya wapangaji. Watu wanajua vile mzigo unahisi, basi.

Sisemi Pipeline ni kuzuri. Mwenye jengo aliyejenga ghorofa nane bila lifti amewaibia watu miguu yao kila siku, na siku moja tutaongea juu yake. Mama aliyejifungua juzi na anakaa ghorofa ya saba anajua hiyo hadithi. Mtu wa kiti cha magurudumu haijui, ju hawezi kukaa huko kabisa. Nasema tu: mahali hakuna lifti, watu wameweka mzigo mbele. Mahali kuna lifti, tumeweka cheo mbele. Kitu kililetwa kupunguza shida ndicho kimetufunza kubaguana.

Na hata lifti yenyewe haikuanza hivyo. Yule Mmarekani Elisha Otis, mwenye jina unaliona kwa lifti nyingi, alikuwa fundi kwa kiwanda cha vitanda. Alichotengeneza mwanzo, miaka ya 1850, kilikuwa kifaa cha kuzuia jukwaa la kupandisha mizigo lisianguke kamba ikikatika. Mwaka 1854 akasimama mbele ya watu kwenye maonyesho New York, juu kabisa ya jukwaa, akaagiza kamba ikatwe. Jukwaa likashika, yeye akabaki juu. Lifti yake ya kwanza ya kubeba watu ilikuja 1857, kwa duka moja huko huko New York. Yaani mizigo ilipanda kwanza. Watu walifuata baadaye. Sasa leo mtu anaambia mzigo eti hapa sio kwake.

Kabla ya hapo, miji mikubwa ya Ulaya ghorofa za juu zilikuwa za maskini na wafanyakazi. Tajiri alikaa chini karibu na barabara, ju nani anataka kupanda? Lifti ilipokuja ikageuza nyumba juu chini, na sai yule wa juu kabisa ndiye analipa zaidi. Nairobi tuko na dunia zote mbili kwa wakati mmoja. Kilimani, juu kabisa ni kwa mwenye pesa, anaona hadi Ngong. Pipeline, juu kabisa ni kwa yule ambaye bado ana nguvu za kubeba maji. Tofauti kati ya hizo nyumba mbili ni mashine moja. Kwa hivyo ukimfungia mtu nje ya hiyo mashine, unamrudisha Pipeline akiwa ndani ya Kilimani. Na wengi wao ndiko walitoka asubuhi.

Sheria nayo? Iko. Katiba ya 2010, kifungu cha 27, inakataza ubaguzi, na inataja mambo kwa majina: ujauzito, afya, umri, ulemavu, asili ya mtu katika jamii, hata mavazi. Mavazi! Na haikatazi serikali peke yake, inasema mtu pia asimbague mwenzake. Kifungu cha 54 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote kwa njia inayofaa. Sheria ya watu wenye ulemavu ya 2003 iliwaambia wenye majengo ya umma wayarekebishe, ikawapa miaka 5, na mwaka 2025 tukapata sheria nyingine mpya. Maandishi tuko nayo. Kile hatuna ni mtu wa kusimama mbele ya ile karatasi ya lamineti na kuuliza, hii iliandikwa na nani?

Wenzetu walishapitia hii. Brazil wana majengo mengi ya lifti mbili, moja ya wenye nyumba na moja ya wafanyakazi, na kwa miaka watu weusi walielekezwa ile ya nyuma hata wakiwa wageni walioalikwa. Jiji la São Paulo likapitisha sheria mwaka 1996 ya kukataza mtu kubaguliwa lifti kwa rangi, hali ya maisha ama ulemavu, na kila jengo likatakiwa kubandika tangazo la hiyo sheria kando ya lifti. Ona hiyo. Wao pia wana karatasi kando ya lifti. Yao inasema kinyume cha yetu.

Kuna jambo moja niliweke wazi, ju najua kuna mtu atachukua hii post akaenda kuwa polisi wa ngazi. Usimuulize mtu mbona anapanda lifti ghorofa ya kwanza. Wewe hujui. Anaweza kuwa na miaka 22, mrefu, amevaa viatu vya mpira, na ana pumu, ama selimundu, ama moyo una shida, ama alifanyiwa upasuaji wiki iliyopita. Ugonjwa mwingi hauonekani, na mtu hana deni la kukuonyesha karatasi za daktari mbele ya watu wanane. Hii hoja unajiuliza wewe mwenyewe, kimya, ukiwa mbele ya mlango: leo mimi nina mzigo? Kama jibu ni hapana na unaenda karibu, ngazi iko pale kushoto.

Na ukianza kutumia ngazi utagundua kitu kingine. Utakuta taa hazifanyi kazi. Utakuta mtu wa ghorofa ya tatu ameweka godoro la zamani na baiskeli mbili pale kwa kona. Utakuta mlango wa chini umefungwa kufuli na keateka hajulikani yuko wapi na ufunguo. Moto ukitokea, lifti haitumiwi, kila mtu anajua. Njia ni ile ngazi. Tumeiachia mama fua na mtu wa gesi kwa miaka, hatujui hata inafanana aje, na siku ya shida ndiyo tutaikimbilia sote usiku, gizani, tukianguka juu ya baiskeli. Ngazi inayotumiwa na wote itatengenezwa. Ngazi ya watu wa chini itabaki vile iko.

Ofisini pia, nisiwasahau wakubwa. Ile lifti ya pili iliyokuwa juu na haishuki? Mara nyingi imeshikwa. Kuna jamaa amesimama hapo juu, mguu mlangoni, anangoja mheshimiwa amalize simu. Watu 30 chini, kati yao mzee wa mkongojo aliyetoka kwao saa kumi usiku kuja kufuatilia pensheni, wote wanangojea mtu mmoja amalize kusema "tutaongea". Hiyo ni ile karatasi ya mama fua, imevaa tai. Wazo ni lile lile: kwamba lifti inajua wewe ni nani. Haijui. Inajua kilo tu. Kwa ile 630, mheshimiwa ni kilo 95 kama mtu mwingine yeyote wa kilo 95.

Kwa hivyo, kwa mpangilio, ndio kusikuwe na wa kusema hakuelewa:

1. Walio ndani watoke kwanza. Hii hatutaongea tena.

2. Mshale mmoja, ule wa kwako.

3. Juu ghorofa moja ama chini mbili, mikono mitupu na mwili mzima: ngazi.

4. Unashuka karibu? Simama karibu na mlango. Unaenda ya 12? Wewe ndio ujaze nyuma.

5. Mwenye mzigo, mtoto, mkongojo ama mimba anaingia kwanza, hata kama alifika wa mwisho. Kengele ya uzito ikilia, anatoka mwenye miguu mizima. Usimwangalie mwenye ovaroli. Toka wewe.

6. Umeagiza kitu? Ongea na askari mwenyewe: "Huyo anakuja kwangu, mwache apande na lifti." Ni simu ya sekunde 10. Akikataa, shuka ulipie hiyo sheria yenu na mikono yako. Beba wewe.

7. Hakuna kushikia mtu lifti. Akikosa, nyingine inakuja. Sisi wengine ndivyo huwa tunaishi.

Na ile karatasi. Nyote mko kwa grupu ya WhatsApp ya wapangaji, ile ya kulalamikia maji na mtu aliyeegesha gari vibaya. Leo jioni andika sentensi moja: "Naomba notisi ya lifti itolewe, na watu wanaotuletea vitu watumie lifti kama sisi." Kutakuwa kimya kidogo. Mtu atatuma kidole gumba. Mwingine ataanza na "kwa heshima zote", na hapo ujue anakuja na usalama. Majibu nimekupa hapo juu, chagua.

Wengi wenu mnaosoma hii mama zenu waliwahi kufulia watu, ama baba zenu walibeba mizigo ya watu, ndio mkafika mahali pa kubonyeza kitufe. Kama kuna jengo walionyeshwa ngazi ya nyuma, hawakuwaambia. Wazazi hawasemangi hizo. Walifika nyumbani, wakakaa, wakaomba maji, wakasema miguu inauma tu kidogo.

Kesho asubuhi, ukifika mbele ya hiyo milango na nyuma yako kuna mama na ndoo na sabuni ya kufua, sogea kando. Mwambie, "Ingia mathe, unaenda ya ngapi?" Halafu mbonyezee.